Paka naye ana roho

Jamani huku Mji wa Kale paka tumewazoea, ukishamtupia kichwa cha samaki waona haki yake imekwisha. La hasha. Paka akijificha chini ya kitanda, masikio kayalaza, mkia wapigapiga, huyo ana woga si kiburi, mwacheni atoke mwenyewe na watoto wasimvute. Halafu hii ya kumtenga kitoto na mamake hata wiki 8 hajafika ati kwa vile ni kizuri, wallahi yaniuma, maana kwa mamake na nduguze ndo anajifunza kucheza bila kuuma. Na ile hadithi ya Mtume, ya mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka mpaka akafa njaa, sote tumeisoma chuoni madrasa, sasa kumfungia balkoni juani kutwa nzima peke yake ni nini?