Nyambua kitenzi "hama"

Binti wa dada yangu alikuja juzi na daftari la Kiswahili, kalamu mdomoni. "Mjomba, nyambua kitenzi hama." Nikamwambia mwalimu amekuuliza wewe, siyo mimi. Akanisomea alichokwisha kuandika: hama, hamia, hamisha, hamishwa. Akaishia hapo, akauliza hamia na hamishwa zina tofauti gani, maana mtu si ameondoka tu?

Sikumjibu. Nilikuwa nimesharudi Ugogoni, kule Dodoma, Oktoba 13, 2014, mkesha wa Siku ya Nyerere, kwenye uwanja wa shule ya msingi wenye vumbi hadi kwenye vifundo vya miguu.

Mnakumbuka enzi zile za kuzunguka vijijini na projekta kuonyesha sinema. Ile safari tulikuwa watatu: dereva, kijana wa tafsiri na mimi wa mitambo. Filamu ilikuwa ya dakika 74, picha za zamani zimeungwa na mahojiano: Uhuru, Azimio la Arusha, vijiji vya ujamaa, Vita ya Kagera. Msimulizi anazungumza Kiingereza, maandishi ya Kiswahili yanapita chini. Wafadhili walitaka kitu kimoja tu mwishoni, fomu yenye idadi ya watazamaji kwa umri: chini ya 18, 18 hadi 35, 36 hadi 59, 60 na kuendelea.

Kibali kilitutoa jasho. Bunge Maalum la Katiba lilikuwa limepitisha Katiba Inayopendekezwa tarehe 2 mwezi huohuo, palepale Dodoma, na uchaguzi wa serikali za vijiji ulikuwa Desemba 14. Mtendaji wa kijiji aliisoma barua yetu mara mbili. "Hii sinema ina siasa?" Nikasema ni ya historia. "Historia ya nini?" Ya siasa, nikasema, maana sikuwa na neno jingine. Akaguna, akagonga muhuri, akaandika kwa mkono wake: mwisho saa nne kamili usiku. Hiyo saa nne ikumbukeni.

Kupanga watu wa umri mchanganyiko mbele ya pazia ni kazi kuliko kufunga mitambo. Pazia letu lilikuwa kitambaa cheupe cha mita tatu kwa moja na nukta saba, kimebanwa kwenye fremu ya mbao. Mwezi wa kumi Dodoma ina upepo, na kitambaa kisichobanwa pande zote nne kinageuka tanga. Projekta ya lumeni 3,200 inatosha kwa ukubwa huo ikiwa giza ni la kweli, kwa hiyo tarehe huchaguliwa kwa kalenda ya mwezi. Usiku ule mwezi ulikuwa umepita mpevu kwa siku tano, ungetoka karibu na saa tano, sisi tukiwa tumeshafungasha. Jenereta tuliiweka mita 40 upande upepo unakoelekea, nyuma ya ukuta wa darasa. Ukiiweka upepo unakotoka, moshi na kelele vyote vinaletwa kwa wazee.

Ukingo wa chini wa pazia ndio watu hukosea. Wengi huuweka mita moja kutoka ardhini kwa sababu fremu inasimama vizuri zaidi. Lakini watoto hawakai. Wanaanza wameketi kwenye mikeka, ikifika dakika ya tano wamepiga magoti, ya kumi wamesimama, na maandishi ya chini yanapotelea kwenye vichwa vyao. Sisi tuliuweka mita moja na nusu, tukaegemeza miguu ya fremu kwa viroba vya mchanga. Watoto mbele kwenye mikeka, wazee kwenye viti 40 vya plastiki vya kuazima kanisani, vijana wamesimama nyuma. Wazee huwezi kuwaweka mbele kabisa, shingo zitauma. Nyuma nako hawasikii. Spika zote mbili zilipandishwa kwenye stendi usawa wa kichwa cha mtu mzima, zikaletwa pembeni ya safu ya kwanza ya viti, besi ikashushwa. Mzee asiyesikia vizuri ukimwongezea sauti tu unamwongezea mngurumo. Anachokosa ni zile herufi kali, s na t na k.

Na maandishi? Mzee mwenye mtoto wa jicho hayaoni. Mtoto wa darasa la tatu anayaona, ila akifika neno la nne sentensi imeshaondoka. Kwa hiyo tulikuwa na kijana wa tafsiri, aliyekulia kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video mitaani, ambako mtafsiri anaweza kuokoa sinema mbovu kwa mdomo wake. Kazi yangu ilikuwa kushusha sauti ya filamu hadi theluthi kila akifungua mdomo, na kuipandisha akifunga.

Kuhesabu tulihesabu kwa nafaka. Kamba mbili zinatengeneza mlango, dereva anasimama hapo na kopo: mtoto punje ya mahindi, kijana karanga, mtu mzima choroko, mzee harage. Humuulizi mtu umri, unamkadiria na kudondosha. Usiku ule: mahindi 212, karanga 96, maharage 44. Choroko 17.

Hizo choroko ndizo ninazoziona kila mahali, siyo kule tu. Sinema ya siasa ukiifanya jioni unapata wajukuu na mababu. Wa katikati hawapo, kwa sababu kina mama bado wana sufuria motoni na kina baba wako kilabuni, na hakuna bango linaloshinda kilabu saa moja jioni. Watu waliozaliwa karibu na 1970, waliopanga foleni ya sukari utotoni na kula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, ndio wangeweza kuwaeleza watoto kilichokuwa kwenye pazia. Walikuwa na vyombo vya kuosha.

Tulianza saa mbili na dakika tano, tumechelewa kwa hotuba ya kukaribisha wageni. Dakika thelathini za mwanzo nazipita haraka. Watoto walimcheka Mwingereza mwenye kofia ya manyoya. Mwalimu Nyerere alipozungumza, wazee walitangulia kuyamalizia maneno, na vijana nao pia, kwa sababu sauti hiyo wanaisikia redioni kila Oktoba. Nondo walianza kucheza kwenye mwanga. Kawaida.

Dakika ya 36 pazia likaonyesha lori. Nyuma limepakiwa vitanda vya kamba, vinu, kuku wamefungwa miguu, na juu kabisa mlango wa mbao umelala na mtoto amekaa juu yake. Tembe, nyumba ya Mgogo, huihamishi, ni udongo. Unachoweza kung'oa ni mlango.

Kijana wetu akatafsiri kwa sauti yake ya kibandani: "Na hapa sasa, wananchi wanahamia kwenye vijiji vya ujamaa!"

"Wanahamia?"

Ilikuwa sauti ya bibi mmoja, kiti cha pili kutoka kwenye spika ya kushoto. Hakusimama. Aliinua fimbo yake kidogo tu.

"Wewe mjukuu wangu mwenye kipaza sauti. Sema wanahamishwa."

Kijana akacheka, akasema samahani bibi, wanahamishwa. Hapo akachokoza upande wa pili. Mzee mmoja mwenye koti la suti, aliyewahi kuwa balozi wa nyumba kumi, akageuka kwenye kiti chake. "Usimwongopee mtoto. Tulihamia. Mimi nilihamia kwa miguu yangu, mwaka sabini na moja, na mke na ng'ombe."

Wazee wakacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa cha kejeli. Kilikuwa cha watu wanaojua kinachofuata.

"Wewe ulihamia," bibi akasema. "Mimi nilihamishwa. Tena uliyenihamisha ni wewe."

Kule nyuma vijana wakapiga kelele kama Simba imefunga bao. Mmoja akapiga mluzi. Kisha, sijui kwa nini, mluzi ulikatika katikati. Nafikiri waliona kwamba safu ya viti haicheki tena. Mimi mkono ulikuwa kwenye kompyuta, nikabonyeza kitufe cha kusimamisha. Lori likaganda, mtoto juu ya mlango, nondo wakitembea usoni pake.

Mzee alikaa kimya hadi nikasikia feni ya projekta. Halafu akasema neno moja, siyo kwa bibi, ila kuelekea kwenye pazia.

"Nilitumwa."

Wanaopiga sinema watajua nilikuwa na njia mbili. Kuendelea, na watu wangerudi kutazama ndani ya nusu dakika, picha inayotembea ina nguvu hiyo. Au kuacha. Kuzima projekta kabisa hakukuwemo kwenye hesabu. Taa ikizimwa ya moto inabidi ipoe dakika kadhaa ndipo ikubali kuwaka tena, na giza likiingia na watoto 212 mbele yako, mikeka inaondoka na viti vinafuata. Niliiacha picha imeganda, kama taa tu. Mafuta yalikuwepo. Jenereta ile ilikunywa kama lita moja kwa saa na tangi lilikuwa nusu.

Ndipo karanga moja kule nyuma, kijana mwenye jezi, akauliza kitu ambacho sikukitarajia kutoka kwenye kundi lile. "Samahani wazee, shikamooni. Mlihamishwa kutoka wapi?"

"Mahameni," watu watatu wakajibu pamoja.

Akasema Mahameni anakujua, ndiko wanakochoma mkaa, ndiko mbuzi wanakolala jua. Kuna mibuyu miwili na mawe. Mahameni ni pori.

"Mawe yapi?" bibi akauliza. "Yaliyojipanga duara?"

"Ndiyo."

"Hapo palikuwa pa kusagia."

Watu waliozaliwa na kukulia pale walikuwa wanalitamka lile jina kila siku, na jina lenyewe linasema. Mahame ni mahali palipohamwa. Hakuna aliyewahi kulisikiliza. Kijana akataka kujua mawe hayo ni ya nani. Bibi akataja ukoo. Mwingine akapinga. Mzee balozi naye akaingia, safari hii kwa sauti ya chini, akisema hapana, kwa hao ilikuwa mbuyu wa pili, mimi niliandika orodha. Aliijua nyumba kwa nyumba. Bibi hakumshukuru wala hakumkatiza.

Wakati huo choroko zilianza kuja. Kina mama wamemaliza vyombo, wamesikia kelele za watu badala ya kelele za spika, wamekuja kuona ugomvi. Mmoja aliniuliza sinema imeisha? Nikamwambia imesimama. Akatandika kanga chini, akakaa kutazama wazee. Watoto nusu walikuwa wamelala kwenye mikeka, wengine wanarushiana vijiwe kwenye mwanga ili waone kivuli kwenye pazia. Niliwafukuza mara mbili, nikaacha.

Dakika 55 zilipita hivyo. Najua kwa sababu dereva alikuja kunionyesha saa: tatu na dakika thelathini na sita. Filamu ilikuwa imebaki dakika 38, kibali kimebaki dakika 24. Nikaiendesha. Kijana wa tafsiri sasa alikuwa anatafsiri kama karani wa mahakama, bila pambo hata moja, na kila kitenzi akikitoa anatupia jicho kwenye viti. Saa nne kamili mtendaji akasimama kwenye mwanga, kivuli chake kikajaa pazia zima. Dakika 14 za mwisho, za Kagera, hazikuonyeshwa. Vijana wengi walikuja kwa ajili ya hizo. Mwenye jezi alinijia tukikunja nyaya, akaniambia, "Kaka, vita mmetunyima." Nikamwambia wewe ndiye uliyeuliza swali. Akasema mimi niliuliza moja tu.

Hata leo sijui kama nilifanya sawa kubonyeza kile kitufe. Kwenye fomu nililazimika kuamua choroko waliokuja kuona ugomvi nao ni watazamaji au siyo. Hawakupita kwenye kamba, na dereva alikuwa ameshafunika makopo. Niliandika 17.

Binti wa dada yangu alikuwa bado ananitazama. Nikamwambia chini ya hamishwa aandike mahame. Akasema hiyo siyo kitenzi, Mjomba, mwalimu atakata. Kisha akataka nimtungie sentensi yenye hamia, na moja tu.