Ujira wa Ijumaa

Desemba ya 2009 nilikuwa nikimtunza bibi mmoja wa Kiyahudi huko Brooklyn, New York. Alikuwa na miaka 88. Nimetokea nyumba nyingine ambako walinikalia na ujira wa wiki tatu mpaka nikachoka kudai, kwa hiyo Bibi aliponiambia siku ya kwanza kwamba nitalipwa kila Ijumaa kabla jua halijatua, niliitikia tu. Maneno ya matajiri nilishayasikia.

Lakini alilipa. Mwanawe alileta bahasha kila Ijumaa mchana, maana Sabato ikishaingia Bibi hagusi fedha.

Ijumaa moja theluji ilianguka tangu asubuhi, mwanawe akakwama njiani. Saa tisa Bibi akaanza kutazama dirisha. Majira yale jua la New York linatua saa kumi na nusu, na mishumaa ya Sabato huwashwa dakika 18 kabla.

"Bibi, haina neno," nikamwambia. "Nitachukua Jumatatu."

"Kwako haina neno. Kwangu ina neno."

Kando ya jiko palikuwa na kopo la bati la buluu lenye tundu juu. Humo ndimo alimodondosha sarafu zake kabla ya mishumaa, na aliziita tsedaka. Mimi mtu wa Tanga, neno lile sikuhitaji mkalimani. Nikamwonyesha kwa kidole: si tuazime humo? Akanikata jicho. Zile si zake, ni za maskini, na akinilipa kwa hizo atakuwa amenigeuza omba-omba, ilhali nimefanya kazi. Nikamweleza kwamba kwetu sadaka ni kitu mtu anachotoa kwa hiari yake. Akatikisa kichwa. Kwao neno hilo limetoka kwenye mzizi wa haki. Anayetoa hajamfanyia mtu hisani. Na ujira ni zaidi ya hapo: Torati imeamuru kibarua alipwe siku yake, jua lisimtulie. Nikamkumbuka maalim wetu wa chuoni, Ngamiani, akitukaririsha kwamba kibarua alipwe kabla jasho lake halijakauka.

Huku akitafuta viatu akanisimulia habari ya mama yake, mshonaji. Tarehe 25 Machi 1911 kiwanda cha nguo cha Triangle kiliungua pale Manhattan, wakafa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji, Wayahudi na Waitaliano. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Mama yake alikuwa na miaka 16, akishona kiwanda kingine.

"Na wenye kiwanda walikuwa Wayahudi kama sisi," akasema. "Torati ileile."

Basi akashika mkongojo wake, akatoka. Nilimfuata nyuma kwa aibu, yeye akigonga mlango mmoja baada ya mwingine: hapa dola 40, pale 20, mzee wa ghorofa ya juu naye 20, mpaka hesabu ikatimia. Akanihesabia mkononi, ndipo akawasha mishumaa. Nikachukua kalamu nimwandikie madeni yake, akanizuia. Sabato imeingia, atayashika kichwani.

Jumatatu nilimkuta ameshalipa wote isipokuwa mzee wa juu, aliyekataa kurudishiwa. Bibi alikuwa amenuna. Zile dola 20 zilikaa mezani, kando ya kopo la buluu, wala hakuzitia ndani.