Shika mita kabla ya kushika pochi: hitilafu za umeme na za chini kwenye SUV

Hakuna kifaa kinachosingiziwa kwenye gari kama betri. Gari linagoma asubuhi, mwenyewe ananunua betri mpya, linawaka siku tatu, kisha linagoma tena. Kwenye SUV mambo huwa magumu zaidi kwa sababu vifaa vya umeme ni vingi, na waya nyingi hupita chini kabisa, ambako maji na tope hufika. Mita ya kawaida ya kupimia umeme itakuonyesha ukweli kwa dakika kumi.

Pima asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Volti 12.6 maana yake betri imejaa. 12.2 imebaki karibu nusu. Ikiwa chini ya 12 ichaji kwanza, maana vipimo vinavyofuata vitakudanganya. Kisha weka gia kwenye P au huru, vuta breki ya mkono, mtu apige stata huku wewe ukitazama mita. Isishuke chini ya 9.6. Betri inayosoma 12.6 ikiwa imetulia halafu ikaporomoka hadi 8 stata inapozunguka, hiyo kweli imekufa.

Ila kama inabaki kwenye 11 na stata bado inazunguka kwa uvivu, iache betri, kagua njia ya moto (umeme). Ncha moja ya mita iguse nguzo yenyewe ya hasi ya betri (nguzo, si kibano chake) na nyingine iguse chuma kitupu cha injini. Piga stata. Mita ikisoma 0.2 au chini ya hapo, upande wa ethi (njia ya umeme kurudi betrini kupitia injini na chasi) uko sawa. Ikisoma volti 1 na zaidi, moto unapotelea njiani. Rudia upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi bolti nene ya stata. Hapo isizidi 0.5.

Mara nyingi mkosaji ni ule waya mpana wa ethi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye chasi. Ukiutazama kwa juu unaonekana mzima. Fungua bolti yake ndipo utaona unga wa kijani umejaa chini ya jicho la waya, na rangi ya chasi imechubuka ikaota kutu. Kwangua pande zote mbili hadi chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi kwa juu kuzuia maji. Hitilafu hii hujificha kwenye mambo yasiyofanana: taa zinazofifia, geji zinazocheza, taa ya ABS (mfumo wa kuzuia matairi kujifunga ukipiga breki) inayowaka bila sababu. Ndiyo maana napendekeza ethi zikaguliwe kabla ya kubadilisha kifaa chochote cha bei.

Sikiliza pia mlio. "Tatatata" ya haraka ni betri dhaifu au kibano kilicholegea. "Ta" moja tu huku taa kubwa zikibaki na mwanga wake, shuku stata yenyewe. Kimya kabisa na taa ziko sawa: amri haifiki kwenye stata, anzia kwenye rilei, swichi ndogo ya umeme inayoiamuru stata. Ukikuta rilei nyingine yenye namba ileile kwenye boksi la fyuzi, zibadilishane ujaribu.

Gari likishawaka, pima tena betri. Alteneta (kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka) ikiwa nzima hutoa 13.8 hadi 14.5. Magari mapya hushusha chaji makusudi kompyuta ikiona betri imejaa, kwa hiyo washa taa kubwa na feni ya ndani kabla ya kuilaumu alteneta. Ikipita 15, kidhibiti chake kimeharibika na kitachemsha betri.

Betri inayokwisha usiku gari likiwa limezimwa inaibiwa moto. Funga milango, subiri kama dakika 40 kompyuta zote zilale, kisha pima mkondo upande wa hasi, mita ikiwa imeungwa kati ya nguzo ya hasi na kibano chake kilichotolewa. Kawaida ni miliampea 50 au pungufu. Usipige stata mita ikiwa imeungwa hivyo, utaichoma. Chomoa fyuzi moja moja. Ile inayoshusha kipimo ndiyo yenye njia ya mwizi. Zote zikichomolewa na kipimo hakishuki, tenganisha waya mnene wa alteneta, maana dayodi yake (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ikivuja huinyonya betri kimyakimya.

Joto la injini lina kanuni rahisi. Likipanda kwenye foleni na kushuka ukikimbia, shida ni feni. Likipanda ukikimbia, angalia kiwango cha maji, themostati (vali inayofungulia maji injini ikipata joto) na rejeta iliyoziba. Mpira wa juu wa rejeta ukiwa wa moto sana na wa chini baridi: mara nyingi themostati haifunguki. Kifuniko cha rejeta kisiguswe injini ikiwa ya moto.

Chini ya gari, mlio wa "ko" unapotoa gia huru kwenda D au R huelekeza kwenye krosi (viungo vya msalaba) za propela, mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli. Zuia matairi, shika propela pande mbili za krosi uzinyonge kinyume. Ukiona mchezo wowote, krosi imeisha. Nzima ipige grisi hadi itokee kwenye vikombe vyote vinne. Mlio wa "ka ka ka" ukikata kona ni jointi ya ekseli ya mbele, na kwa kawaida utakuta mpira wake ulishapasuka zamani.

Ukivuka maji mengi, kumbuka difu, yaani boksi la gia linalogawa nguvu kwa matairi kwenye ekseli. Difu ya moto ikiingia kwenye maji hupoa ghafla, hewa ya ndani inanywea, na kama bomba lake la kupumulia limeziba kwa tope, inavuta maji kupitia kwenye sili. Oili ikigeuka rangi ya maziwa, imwage yote ujaze mpya baada ya kuzibua bomba hilo. Fungua nati ya kujazia kwanza, kabla ya ile ya kumwagia. Ikigoma kufunguka oili ikiwa imeshamwagika, gari haliwezi kuondoka hapo lilipo.