Bahari Niliiandika Sifuri

Faili la linki ile, njia ya mawasiliano ya redio kati ya minara miwili, lilikuwa na safu mbili za tarakimu. Ya kwanza ni umbali kutoka mnara wa Bagamoyo, ya pili ni mwinuko wa ardhi kutoka usawa wa bahari. Mistari ya mwanzo ilinitoa jasho: minazi, mikoko, mapaa ya nyumba, kila kitu kinachoweza kusimama mbele ya wimbi nilikipima. Kisha nikafika majini. Kuanzia hapo hadi kilomita ya 42 niliandika sifuri, sifuri, sifuri, kwa kunakili na kubandika, na chai yangu ilikuwa bado ya moto nilipomaliza. Halafu Unguja ikaanza na nikarudi kuhangaika na miembe ya watu.

Mimi ni mtu wa Pangani. Baba yangu amevua maisha yake yote. Naomba msomaji alikumbuke hilo tunapoendelea.

Ilikuwa 2007, miaka miwili kabla mkongo wa SEACOM, ule wa chini ya bahari, haujatua Dar es Salaam, na mawasiliano mengi ya masafa marefu bado yalipita hewani, ama kwa setilaiti ama kwa maikrowevu, mnara kwa mnara. Kampuni niliyokuwa naifanyia kazi ilitaka kuvuka kwenda Unguja na megabiti 155 kwa sekunde. Ukitokea Dar ni zaidi ya kilomita 70 za maji. Ukitokea Bagamoyo ni kama 45. Nikachagua Bagamoyo, na hadi leo sijutii hilo. Ninayoyajutia ni mengine.

Kazi ya kupanga linki watu huiona ni ya kompyuta, lakini siku tamu kuliko zote ni ile ya kupiga kioo. Mwenzangu alipanda mnara wa Unguja na kioo cha kawaida, kile cha kunyolea ndevu, mimi nikapanda wa Bagamoyo na darubini. Ilikuwa alasiri, jua liko mgongoni kwangu na usoni kwake. Tukapigiana simu. "Haya, cheza nacho kulia kidogo. Kushoto. Panda." Dakika ishirini sikuona kitu ila ukungu wa joto. Kisha pale juu ya mstari wa kijivu kikamulika kitone, kikapotea, kikamulika tena, cheupe kikali kama nyota iliyokosea saa. Kilomita 45! Nilipiga kelele hadi fundi aliyenishikia kamba akadhani naanguka.

Basi minara inaonana. Lakini kuonana kwa jicho hakutoshi. Dunia ni mviringo, na katika njia ya kilomita 45 tumbo lake katikati linapanda mita 30 hivi kwa hesabu ya hewa ya kawaida, maana hewa nayo hulipinda wimbi; hewa ikikaa vibaya linafika kama 60. Halafu wimbi lenyewe si uzi, lina unene: kwa masafa ya gigahezi 7.5, duara la kwanza la Fresnel, yaani nafasi ambayo wimbi linaihitaji kuuzunguka mstari wake, katikati ya njia ile lina nusu kipenyo cha mita 21, na walau asilimia 60 ya hiyo lazima iwe wazi. Dishi la Bagamoyo lilikuwa mita 70 juu ya bahari, la Unguja 110. Mstari wao ulipita katikati ya njia kwenye mita 90. Toa 60, zimebaki 30, na zinazotakiwa ni 13. Nilijipongeza.

Niliomba madishi ya mita 1.8. Minara yote miwili ilikuwa ya kukodi, na kodi inapanda na ukubwa wa dishi, kwa hiyo bosi akauliza swali ambalo mabosi huuliza: ndogo haitafanya kazi? Nikarudia hesabu kwa madishi ya mita 1.2. Redio ingepokea hasi 50 dibiemu, kipimo cha nguvu ya mawimbi ambacho hasi ikikua nguvu imepungua, na ilikuwa haifi mpaka hasi 70. Akiba ya desibeli 20. Kwa njia ndefu ya baharini ni akiba ya maskini, nilijua, ila programu iliendelea kunipa asilimia nzuri, maana niliiambia kwamba ardhi ya katikati ni tambarare na haisogei. Nikasaini. Sitamsingizia mtu, saini ilikuwa yangu.

Tulifunga mwezi wa Desemba. Siku ya kulenga madishi, fundi juu ya mnara alizungusha boliti robo kwa robo huku mimi chini nikisoma mita, na mwisho tukatulia kwenye hasi 48. Mbili zaidi ya hesabu! Tukapeana mikono. Tukapima siku tatu, haikutikisika hata kidogo, kati ya 47 na 50, tukakabidhi na kwenda kula samaki.

Hapo ndipo mpangaji mzoefu angeacha kula. Desibeli 2 juu ya kile ambacho anga tupu linaweza kukupa si zawadi. Maana yake kuna mkono mwingine unakuongezea, na anayekuongezea leo anaweza kukupunguzia kesho. Mimi niliona uhodari wangu wa kulenga.

Malalamiko yalianza Januari. Linki inakatika saa nne usiku, inarudi, inakatika tena, kufika saa tano imetulia. Kesho yake inachelewa kidogo. Siku tatu nne hivi, kisha kimya. Watu wa chumba cha uangalizi walikuwa na nadharia zao: jenereta ya Unguja, rada ya meli fulani, mlinzi anayechomoa plagi achaji simu. Mimi nilishuku redio. Nikabadilisha kitengo kizima cha upande wa Bagamoyo, kitu ghali, na linki ikapona. Siku kumi safi kabisa! Nikaandika ripoti ya ukurasa mmoja yenye neno "imetatuliwa" kwa herufi nzito. Baada ya wiki mbili ikakatika saa nne usiku.

Nikabadilisha cha Unguja. Ikapona tena. Nadhani msomaji wa pwani ameshacheka.

Mara ya tatu sikugusa kitu. Nilimchukua kijana mmoja fundi wa minara, tukaenda Bagamoyo mchana na mita, tukaichomeka kwenye tundu la kupimia nguvu ya mawimbi. Kumbukumbu za chumba cha uangalizi zinaandika linki ikifa tu. Namna inavyougua haziandiki. Kwenye redio ile volti 2.40 ilikuwa hasi 48, na kila pungufu ya 0.1 ni desibeli 3. Saa moja usiku ilisoma 2.40 kamili. Saa mbili na nusu, 2.15. Joto la kibanda lilikuwa la kaskazi, hewa haisogei hata jani, nikamwambia natoka kidogo ufukweni, anisomee kwa simu.

Usiku ulikuwa wa giza, mwezi haujaandama. Nilitembea nikisubiri kufika majini, na sikufika. Pale ambapo alasiri niliona mashua zikielea, sasa zimelalia ubavu mchangani, kamba za nanga zimelegea. Mbele zaidi, mbali sana, tochi zilikuwa zinapepesa huku na huku, watu wanatafuta kaa na pweza, na sauti zao zilikuja wazi kama wako hatua kumi. Mchanga ulikuwa wa mawimbi madogo madogo magumu, unaumiza nyayo. Simu ikaita.

"Injinia, moja tisini na saba."

"Sawa. Endelea."

"Tisini. Themanini na mbili. Sasa inacheza. Injinia, unanisikia? Moja sitini. Taa nyekundu imewaka."

Nilikuwa nimesimama juu ya sakafu ya bahari. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, kwamba nilitazama chini, nikaona viatu vyangu viko pale ambapo faili langu linasema pana maji, na mwinuko wake ni sifuri.

"Kaka," nikamwambia, "leo mwezi ngapi?"

"Tarehe?"

"Mwezi. Wa angani."

Akanyamaza. Yeye ni mtu wa Dodoma.

Tulirudi kibandani nikafanya hesabu nyuma ya fomu ya mafuta ya jenereta. Dishi likirusha, wimbi moja linakwenda moja kwa moja, jingine linagonga bahari na kuruka kwenda kule kule. Kwa pembe ndogo namna ile, kama sehemu moja na nusu ya kumi ya digrii, dishi la mita 1.2 haliwezi kuwatenganisha, na bahari hata ikiwa na viwimbi vya mita moja kwa wimbi hilo ni kioo. Wawili hao wakifika pamoja wanasaidiana. Mmoja akichelewa nusu ya urefu wa wimbi wanauana. Urefu wa wimbi ni sentimita 4, nusu yake ni 2. Nikauliza: maji yakishuka mita 4, kama yanavyoshuka siku za bamvua, zile za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, njia ya yule anayegonga bahari inabadilika kiasi gani? Nikapiga hesabu mara tatu kwa sababu sikuamini. Sentimita 2.1.

Kwa hiyo bamvua likijaa, bahari inaniongezea. Likipwa, inaninyang'anya, kama desibeli 11 kati ya zile 20 zangu za kimaskini. Zinazobaki 9 zinaliwa kirahisi na hewa ya usiku wa kaskazi iliyotulia juu ya maji ya moto. Maji ya bamvua huku kwetu hupwa saa nne, asubuhi na usiku. Asubuhi upepo unachanganya hewa, linki inaumwa lakini haifi, na hakuna aliyejua. Usiku inakufa. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, na malalamiko nayo yalikuwa yanachelewa. Siku tatu za majaribio tulipima maji mafu, siku ambazo bahari haipandi wala kushuka sana. Vitengo viwili vya redio nilivyovibadilisha vilikuwa vizima kabisa. Vilipona kwa sababu mwezi ulikuwa umesogea na bamvua limepita.

Asubuhi nilimpigia mzee.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona mapema, kwema?"

"Kwema. Nataka nikuulize, bamvua lijalo linaanza lini?"

Ukapita ukimya wa mtu anayetafakari kama mwanawe anaumwa. "Wewe umesomeshwa hadi Dar es Salaam uniulize bamvua?" Kisha akanitajia siku, bila kalenda, na siku ambayo maji yatatoka zaidi ya zote. Akataka kujua kwani huko ofisini tumeanza kuvua.

Ripoti kwa bosi ilikuwa ngumu kuliko hesabu. Nilianza na kosa langu, nikaweka mchoro: mstari wa nguvu ya mawimbi, chini yake mstari wa jedwali la maji la bandari, unapanda huu na ule unapanda, unashuka huu na ule unashuka. Aliutazama muda mrefu. Akasema, "Kwa hiyo unataka kuniambia nimewalipa watu wabadilishe redio kwa sababu ya mwezi." Nikasema ndiyo mzee. Alisaini pesa za madishi mawili zaidi, na za kodi yake, na kwa miezi kadhaa kila aliponiona kwenye korido aliinua macho kutazama dari kama anatafuta hilali.

Dawa ni kuwa na masikio mawili kila upande, moja chini ya jingine, kwa umbali ambao la juu likiwa kwenye shimo, la chini liko kileleni. Kwa upande wa Unguja umbali huo ulikuwa mita 9, kwa Bagamoyo 6 na nusu. Redio inachagua lenye nguvu. Kuna njia nyingine, ya kuweka upande mmoja juu sana na mwingine chini ili pale wimbi linapogonga pawe nchi kavu au mikoko, na nikipanga leo ningeanza na hiyo. Lakini minara ilishakodiwa.

Tulifunga kabla ya bamvua alilonitajia mzee. Usiku ule tulikaa kibandani na mita mbili juu ya ndoo iliyogeuzwa, kijana wa Dodoma na mimi. Saa moja zilikuwa karibu sawa. Saa tatu zikaanza kuachana. Saa nne kasoro, ya juu ikaanguka hadi 1.95, ya chini imepanda 2.50, na taa ya kijani haikupepesa.

"Huyu anazama, huyu anaibuka," kijana akasema, akatoka mlangoni kuitazama bahari iliyokuwa imekwenda zake.

Kwenye faili safu ya pili inakubali tarakimu moja tu kwa kila mstari. Sifuri zangu bado zipo. Pembeni, kwenye nafasi ya maelezo, niliandika: bamvua, jumlisha 2 au toa 2, muulize baba.