Jicho la wolai

Ndiyo kwanza natoka Ziwa Mille Lacs, hapa Minnesota, Marekani. Mikono bado inanuka samaki!

Kiangazi hiki samaki aitwaye wolai (walleye) mchana hushuka kwenye kina, hapendi mwanga mkali. Tukangoja jua lizame.

Nikachomeka ruba kwenye ndoano yenye kichwa cha madini ya risasi, nikaiburuta polepole juu ya mawe.
Mshipi ukawa mzito kidogo, basi. Wolai hana kishindo.
(Mwenye fujo ni samaki mwingine, paiki (pike): huyo mtupie kijiko king'aacho, yaani chambo bandia cha chuma, vuta haraka, na funga waya mbele, meno yake hukata mshipi.)

Lakini lile jicho, jamani!
Tochi ilipolipiga likawaka kama la paka, kubwa, jeupe. Sikutaka kuzima.

Ndugu zangu wa Mwanza, sangara naye macho huwaka gizani. Jioni mnamvuta kwa chambo gani?