Alama ya Msumari Kwenye Zege Bichi: Uzoefu Wangu Katika Kamati ya Ujenzi wa Shule

Nilipochaguliwa kuongoza kamati ya ujenzi wa madarasa, karibu kila aliyejiita mzoefu alinishauri jambo moja: tusubiri jengo likamilike, kisha tumwite mkaguzi. Ushauri huo unanikera hadi leo, kwa kuwa ukuta ukishapigwa lipu, nondo zilizopunguzwa hazionekani tena na mkaguzi hubaki kukagua rangi.

Hata hivyo, nilianza kwa ujinga wangu mwenyewe. Nilikuwa nimesoma kwamba mita moja ya ujazo ya zege la uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga na kokoto) huhitaji zaidi kidogo ya mifuko 6 ya saruji ya kilo 50, nikaamua kuhesabu mifuko mitupu kila jioni. Kwa wiki mbili hesabu ilinyooka nami nikatembea kifua mbele, mpaka nilipokuta mifuko iliyochakaa yenye nembo ya kiwanda ambacho hatukuwahi kununua saruji yake. Mkandarasi alikuwa akiniokotea mifuko kwingine ili mhesabuji afurahi.

Ndipo nikageukia michemraba ya zege, ile ya milimita 150 kila upande ambayo maabara huiponda siku ya 7 na ya 28 ili kupima nguvu. Seti ya kwanza aliipeleka mkandarasi mwenyewe, ikafaulu kupita kiasi, ilhali zege nililoliona likimiminwa lilitiririka kama maji. Safari iliyofuata nilijaza sita kwa mkono wangu na, kabla hazijakauka, nikachora kwa msumari tarehe, namba ya nguzo na alama ya kombokombo ambayo hakuna mwingine angeweza kuiiga. Tatu alizichukua yeye. Tatu nikazizamisha kimyakimya kwenye pipa la maji nyumbani. Siku ya 28 nilimkuta maabara na michemraba laini isiyo na mkwaruzo hata mmoja. Sikugombana naye, nilifungua tu buti ya gari. Yangu ilipondeka kwenye wastani wa nyutoni 14 kwa milimita ya mraba, wakati michoro ilidai 25. Gharama ya vipimo, nikikumbuka vizuri, haikufikia bei ya mlango mmoja.

Tulipokaa kikao, mkandarasi alisema msimamizi aliidhinisha, msimamizi akasema mchanganyiko ni kazi ya mkandarasi, na mhandisi akasema hakuitwa siku hiyo. Kilichoniudhi ni kwamba wote watatu walisema kweli. Sampuli zilizochimbwa kwenye nguzo zenyewe zilithibitisha udhaifu, na nguzo nne zikavunjwa.

Dawa niliiazima California. Tetemeko la Long Beach la tarehe 10 Machi 1933 liliangusha shule zipatazo 70 (bahati yao ilikuwa jioni, wanafunzi wameshaondoka), na mwezi uliofuata ikapitishwa Sheria ya Field, ambayo humtaka mkaguzi, msanifu na mkandarasi wa shule kutia saini taarifa zao, na anayedanganya hushtakiwa kama aliyekula kiapo cha uongo. Mimi sina mahakama, hivyo nilinunua daftari gumu: hakuna zege kumwagwa kabla ya majina matatu na saa kuandikwa. Mara ya kwanza daftari lilipofunguliwa, mhandisi yuleyule ambaye hakuitwa alipiga magoti na tepu ya kupimia, akakataa kusaini kwa sababu ringi, yaani vyuma vinavyozifunga nondo za nguzo pamoja, zilikuwa zimeachana mno, na mchana wote ukaishia katika kuzifunga upya.