Duka la Karafuu Nne

Kijijini kwetu Pemba, upande wa Wete, lipo duka kando ya barabara ambalo sijaona mfano wake pengine popote kisiwani. Ukilitazama kwa ukubwa ni duka la kawaida: mlango wa mbao za kukunja, baraza mbili kushoto na kulia, chumba cha mbele cha biashara na cha nyuma cha kuwekea mzigo. Ajabu yake iko usoni. Ukuta wa mbele umenyanyuliwa mpaka ukalificha bati, na juu yake zimesimama karafuu nne za chokaa, kila moja karibu nusu mita, na kikonyo chake, vimeno vyake vinne na kitumba cha duara katikati. Aliyezifinyanga aliijua karafuu. Tatu zimefumba kama inavyotakiwa, na ya nne, ile ya upande wa Wete, imeanza kufunguka, karafuu iliyochelewa kuchumwa. Chini yake kuna jahazi limetanda tanga, na mwaka umeandikwa kwa tarakimu za Kiarabu: 1345.

Mwaka huo wa Hijria uliangukia kati ya Julai 1926 na Juni 1927. Na karafuu zile zina sababu yake: kimbunga cha 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja kikaisalimisha ya Pemba, na tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar imekuwa ikitoka kwetu. Wazee walitusimulia kwamba duka lilijengwa na mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa akinunua karafuu kavu na kukopesha watu mchele na nguo mpaka msimu ufike, na kwamba fundi wake alikuwa mtu wa hapa hapa. Jina la fundi halikuandikwa mahali. Sisi tulipozaliwa duka lilikuwa la ukoo wa jirani yetu, likiuza mafuta ya taa, sukari na daftari za shule, na gari zote za Wete zilikuwa na kituo kimoja kinachojulikana: "Karafuu Nne, shusha!"

Basi siku moja nikateremka pale nikaikuta eksi nyekundu, alama ya kuvunjwa, imepigwa ukutani, chini kidogo ya jahazi. Barabara inapanuliwa.

Nilikuwa wakati huo nachora ramani za nyumba katika ofisi ndogo ya Chake Chake. Kazi yangu ilikuwa kuchora vyumba vitatu na choo kwa watu wanaoanza maisha, na sikuwahi kufikiri kwamba penseli ile ingekuja kuhitajika kwetu. Nikapita nyuma kumuona mwenye duka, bibi wa makamo yaliyokwishapita, mjane.

"Shikamoo, Bimkubwa."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa ile eksi?"

Nikamwambia ndiyo, na kwamba haifai duka hili livunjwe. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akipepeta mchele.

"Mie sina ugomvi na barabara," alisema. "Mjukuu wangu kazaliwa ndani ya daladala, hapo darajani, kwa mashimo ya njia hii. Na fidia naitaka. Bati linavuja, masika nalala na ndoo mbili kitandani. Nyie mnaopenda nyumba za zamani hamlali ndani yake."

Maneno yale yaliniongoza kuliko chochote nilichokisoma baadaye. Nilikuwa nimekuja na hasira ya kupigana na barabara, na barabara ile tulikuwa tukiiomba tangu mimi niko chuoni. Anayetaka kulinusuru jengo lazima kwanza ajue nani anaishi ndani yake na mvua inamuingilia wapi. Nikamuuliza ruhusa ya kupima. Akasema pima, kupima hakuvunji kitu.

Kabla ya kupima nilitafuta kwanza mlango wa sheria, na nikaukuta mwembamba. Mji Mkongwe wa Unguja una mamlaka yake ya hifadhi tangu miaka ya 1980, na mwaka 2000 UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia. Lakini mipaka ya ulinzi ule inaishia kule kule mjini. Sheria ya kuhifadhi mambo ya kale ni ya tangu 1927, makamo mamoja na duka letu, nayo inalinda pale palipotangazwa rasmi. Mtu akizungumza mambo ya kale ya Pemba, akili inakwenda kwenye magofu ya Ras Mkumbuu na ya Pujini, ngome ya mtawala wa zamani Mkama Ndume. Nani atakwenda kutangaza duka la mafuta ya taa? Sikuwalaumu walioandika sheria. Ila niliumia, kwa sababu vitu kama hivi ndivyo vilivyojaa katika njia zetu: maduka yenye nguzo za duara pale Wete, maghala ya karafuu, nyumba zenye mwaka juu ya mlango. Hakuna sultani aliyelala humo, kwa hiyo haviingii katika orodha ya mtu, na vinaondoka kimoja kimoja bila ya tangazo.

Nikamchukua mjomba wangu. Yeye ni mwashi, katika wale wachache waliobaki wanaojua kazi ya chokaa tangu kwenye tanuu: kupanga mawe ya matumbawe juu ya magogo ya minazi, kuchoma, kuizima kwa maji na kuiacha ilale mpaka ilainike. Tulipima Ijumaa baada ya sala, yeye kashika ncha ya futi ya utepe kwenye ukuta, mimi nasimama katikati ya barabara na kijana mmoja akizizuia gari. Ndani tukahesabu boriti za mkoko darini. Vyumba vya majengo yale ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haiendi mbali. Urefu wa mti ndio unaoamua upana wa chumba. Nikachora duka lote, uso, ubavu na kiwanja, na nikachora karafuu ya nne peke yake katika karatasi nzima.

Mkutano ulifanyika uwanjani kwa sheha, mkuu wa shehia yetu. Alikuja mhandisi wa mradi, kijana mpole mwenye buti zilizojaa udongo mwekundu, na alikuja kwa boti kutoka Unguja mtoto wa kwanza wa Bimkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa akisemea familia. Watu walijaa mpaka chini ya mwembe.

Ilikuwa haujatimia mwaka tangu sehemu ya Beit al-Ajaib ya Mji Mkongwe ianguke, tarehe 25 Disemba 2020, ikauwa watu wawili. Jumba la Sultani Seyyid Barghash la 1883, lenye nguzo za chuma, lililojulikana dunia nzima. Kwa hiyo mtu wa kwanza kusimama alisema lile ambalo wengi walikuwa nalo moyoni: "Yakhe, Beit al-Ajaib yenyewe imeanguka na mafundi wamo ndani. Sembuse duka hili? Litakuja kutuulia watoto."

Mjomba hakujibu kwa maneno. Aliomba watu wamfuate dukani, ni hatua chache tu. Akatoa tindo na nyundo mfukoni, akaenda kwenye ubavu wa kaskazini, mahali palipopigwa lipu ya saruji miaka ya nyuma kuficha ufa. Aligonga. Sauti ikatoka tupu, kama ya debe. Akaingiza tindo pembeni akakinyanyua, na kipande kizima cha saruji, kipana kuliko sinia, kikabanduka kikaanguka miguuni kwake. Nyuma yake ukuta ulikuwa umerowa, udongo unamung'unyika kwa kidole. Kisha akasogea dhiraa moja, mahali penye chokaa ya mwanzo, akagonga tena. Pakalia pagumu. Akakwangua: pakavu.

"Jumba la Unguja mie silijui ndani yake, silisemei," alisema. "Hili nalijua. Ukuta huu wa mawe na udongo unakunywa maji na unayatoa. Ukiupaka saruji umeuziba pumzi, maji yanabaki ndani yanaula. Hapa palipobaki chokaa pana miaka tisiini na kitu na pamekaa. Palipotiwa saruji juzi ndipo panapooza. Sasa nambieni, nini kinachotaka kuvunjwa?"

Mhandisi alikuja akatia kidole pale penye maji, kisha pale pakavu. Hakusema kitu, lakini alirudi kukaa karibu na meza, na hapo nikatandaza michoro yangu.

Sikumwambia habari za urithi. Nilimuuliza: "Kinachokuzuia ni lami yenyewe au ni mtaro?" Akaiangalia karatasi kwa muda. "Mtaro," alisema. "Lami inapita. Mtaro wa wazi wenye kingo za kulala unanila mita nzima." Nikamuuliza kama pale mbele ya duka tu hauwezi kuwa mtaro wa zege wenye kuta za kusimama, na vifuniko juu, kama ule uliojengwa mbele ya skuli. Akachukua penseli yangu mwenyewe, akapiga mistari miwili pembeni ya mchoro wangu, akapima. Baraza ya upande wa Wete ilikuwa bado imeingia ndani ya mstari, kwa kuwa njia inapinda pale. Duka lenyewe lilikuwa nje.

Nilidhani yamekwisha. Hapo akasimama yule mtoto wa Bimkubwa.

"Nawashukuru," alisema, "lakini duka hili ni la mama yangu, si makumbusho ya watu. Likivunjwa analipwa, anajenga nyumba ya matofali, analala pakavu. Likibaki, nyinyi mnaondoka na picha zenu na yeye anabaki na ndoo zake. Nani atalitengeneza paa?"

Kukawa kimya. Mpaka leo naona suali lile ndilo lililokuwa zito kuliko yote ya siku ile, na kila anayetetea jengo la zamani angepaswa kuulizwa kabla ya kufungua mdomo. Sheha ndiye aliyelipokea. Alikumbusha ngome ya Chake, kwamba sehemu yake ilivunjwa zamani ili ipatikane nafasi ya hospitali, na kile kilichosalia ndicho kilichokuja kuwa makumbusho. "Waliovunja walikuwa na haja ya kweli," alisema, "maana wagonjwa ni wagonjwa. Na waliobakisha kile kipande wametufaa. Sisi tunayaweza yote mawili, tukitoa mkono mfukoni." Akaanza yeye. Wakafuata wauza samaki, kisha walimu wa skuli, na mtu mmoja akampigia simu nduguye Muscat mbele ya mkutano, akamuweka kwenye spika, akamtaka aahidi watu wakisikia. Aliahidi bati zote za chumba cha nyuma.

Mtoto wa Bimkubwa alikubali kwa sharti moja: bati kwanza, karafuu baadaye. Bimkubwa, ambaye muda wote alikuwa kakaa mkekani na wanawake wenzake, alisema kwa sauti, "Na iandikwe." Ikaandikwa, na sheha akapiga muhuri.

Baraza ya upande wa Wete ilivunjwa. Nilikuwepo. Mhandisi hakuleta mashine ya kijiko, aliwapa vijana sururu wafanye kwa mkono ili ukuta usitikisike, na mjomba akasimama juu yao kama mwalimu wa chuo. Ndani ya baraza mlikuwa na mawe ya matumbawe yaliyopangwa vizuri ajabu, pamoja na kipande cha pishi ya mbao, kipimo cha zamani cha karafuu, kilichotupwa humo na wajenzi kujazia. Bimkubwa alikiomba akapewa. Mawe tuliyaweka nyuma ya duka, maana mawe yale ndiyo ya kutengenezea ukuta.

Bati liliezekwa kabla ya vuli. Kazi ya chokaa ilianza baadaye, na inakwenda kwa kadiri ya pesa na ya hali ya hewa, kwa sababu chokaa haitaki jua kali wala mvua ya moja kwa moja. Mjomba amewafundisha vijana wawili. Mmoja ameacha akaenda kuendesha bodaboda, mwengine ameshika. Saruji ya mbele yote imebanduliwa. Karafuu mbili zilikuwa na nyufa zikazibwa kwa chokaa laini iliyochanganywa na mchanga uliochekechwa, na ile ya nne mjomba amekataa katakata kuifumba, ingawa kuna waliosema imeharibika irekebishwe ifanane na wenzake.

Mchoro wangu nimeutoa nakala mara nyingi tangu hapo. Watu huja ofisini na picha ya nyumba kwenye simu, ina eksi au inasubiri eksi, wakataka niwachoree kama ule wa Karafuu Nne. Ninachowauliza kwanza ni nani anayelala ndani na paa likoje. Kisha tunakwenda kupima. Mara moja tumefanikiwa tena, mara nyengine tumefika kifusi kimeshazolewa.

Ubavu wa kaskazini, pale alipogonga mjomba, haujamalizwa. Chini bado pana saruji kwa kimo cha mtu, na unyevu umo. Chokaa iko tayari kwenye pipa nyuma ya duka, imezimwa imelala vya kutosha, na tunachongojea ni kiangazi na nauli ya mawe ya kujazia.